Kuongeza kihisi mwendo kwenye taa iliyopo nyumbani: mwongozo kamili

Taa ya nje inayowaka hadi alfajiri na taa ya korido ambayo hakuna anayekumbuka kuizima ndizo zinazowafanya watu wengi watafute kihisi mwendo, yaani kile kifaa ambacho dukani huulizwa kwa jina la sensa, chenye uwezo wa kutambua kwamba mtu amepita na kuiwasha taa chenyewe. Katika nyumba za kupanga zenye LUKU moja, taa ya korido huzua maneno kila uniti zinapokata, na hapo kifaa hiki huleta amani kuliko kikao cha wapangaji. Mwongozo huu unahusu kukiongeza kwenye taa ambayo tayari ina nyaya, holda na swichi, bila kubomoa ukuta. Kuunganisha nyaya zenyewe ni kazi ndogo. Kazi hufaulu au hushindikana katika mambo mawili yanayotangulia: kujua nutro (waya unaorudisha umeme kutoka kwenye taa) ilipo, na kuchagua mahali ambapo jicho la kifaa litatazama.

Kabla ya kununua chochote, inafaa kupiga hesabu, kwa sababu wauzaji hupenda kuahidi kwamba matumizi ya umeme yatashuka sana. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 12 kila usiku hutumia takriban uniti 3.2 kwa mwezi wa siku 30. Ikiwashwa na kihisi kwa jumla ya saa moja na nusu tu kila usiku, itatumia uniti 0.4, lakini kihisi chenyewe kinakula umeme mchana na usiku. Kikiwa cha nusu wati, kitaongeza takriban uniti 0.36. Utaokoa uniti mbili na nusu hivi kwa mwezi, kiasi kisichotosha kumshawishi mtu kupanda ngazi. Hesabu hiyo hiyo kwa taa kubwa ya uani ya wati 50 inashuka kutoka uniti 18 hadi chini ya 3, na hapo ndipo fedha inapoonekana. Kwa balbu ndogo, sababu ya kweli ya kuweka kihisi ni urahisi na usalama: kutopapasa ukuta usiku ukiwa umebeba mtoto au ndoo, na kumfanya anayeruka ukuta ajikute amemulikwa.

Jicho la kifaa linaona nini

Vihisi vingi vya bei ya kawaida havitoi mwanga wala mawimbi yoyote. Hupokea tu joto linalotoka mwilini mwa kiumbe kwa njia ya miali isiyoonekana, na kile kifuniko cheupe cha plastiki chenye vijisehemu vidogo vidogo ni lenzi nyingi zilizopangwa ili kuligawa eneo la mbele katika kanda. Mtu anapotoka ukanda mmoja na kuingia mwingine, kipokezi kilichomo ndani hupata badiliko la ghafla la joto, nacho kifaa huwasha taa. Kumbe kinachotambuliwa ni badiliko, si mtu, na kutokana na hilo mambo kadhaa ambayo huwashangaza watumiaji yanaeleweka. Anayepita kwa kukatiza mbele ya kihisi huonekana mapema, ilhali anayekijia moja kwa moja huweza kufika karibu kabisa kabla ya taa kuwaka, kwa kuwa hakatizi kanda. Aliyetulia, kwa mfano mtu aliyeketi chooni, huachwa gizani muda ulioseti ukiisha. Kioo nacho huzuia miali hiyo, hivyo kihisi kilichowekwa nyuma ya dirisha au ndani ya gilasi ya taa hakitaona kitu.

Jambo linalotuhusu zaidi sisi wa pwani ni joto la hewa. Maboksi mengi huandika kwamba kihisi kinafika mita 12, na pembeni, kwa herufi ndogo, huongeza kuwa kipimo hicho ni katika joto lisilozidi digrii 24. Usiku wa Februari Dar es Salaam au Mombasa, kuta na ardhi zilizopigwa jua mchana kutwa hukaribia joto la ngozi ya mtu, tofauti kati ya mwili na mandhari hupungua, na umbali wa kuona hupungua pamoja nayo. Kwa hiyo usipange kazi yako kwa kutegemea mita 12. Panga kana kwamba utapata nusu yake, na kikizidi hapo shukuru.

Aina ya pili ni ya rada, ambayo hutuma mawimbi ya redio, kwa kawaida ya gigahezi 5.8, na kusoma yanavyorudi. Hii haijali joto la hewa, hutambua hata misogeo midogo, na hupenya plastiki, kioo, mbao na dari jepesi, hivyo inaweza kufichwa ndani ya gilasi ya taa. Ubaya wake uko hapo hapo penye sifa zake: hupenya pia ukuta mwembamba na mlango wa mbao, na katika nyumba zilizobanana taa yako itawaka kila jirani anapogeuka kitandani. Mimi huipendekeza kwa bafu, choo na stoo, na kuiepuka kwenye korido ya vyumba vya kupanga.

Kuchagua kifaa kulingana na taa uliyonayo

Njia nyepesi kuliko zote ni balbu yenye kihisi ndani yake, au kiunganishi chenye kihisi kinachokaa kati ya holda na balbu. Zipo za pini na za kuzungusha. Tazama holda yako kwanza. Hakuna waya unaoguswa, na kwa mpangaji asiyeruhusiwa kugusa umeme wa mwenye nyumba hii ndiyo njia ya halali. Haifai pale ambapo balbu imefichwa ndani ya gilasi, wala pale ambapo balbu inatazama upande ambao watu hawapiti.

Njia ya pili ni kihisi cha kujitegemea chenye nyaya tatu, kinachofungwa ukutani au darini. Hiki ndicho kinachodumu na kinachokuruhusu kuchagua pa kutazama, na maelezo mengi yaliyobaki yanakihusu. Cha ukutani kwa kawaida huona nusu duara, na cha darini huona pande zote. Ikiwa kitakaa nje, alama ya IP44, inayoonyesha kinga dhidi ya vumbi na maji, ndiyo ya chini kabisa inayofaa chini ya upenu, na mahali panapopigwa na mvua moja kwa moja tafuta IP65.

Njia ya tatu ni kihisi cha nyaya mbili kinachochukua nafasi ya swichi ukutani. Kinavutia kwa sababu hakihitaji nutro, lakini kinaishi kwa kupitisha umeme kidogo ndani ya taa yenyewe hata ikiwa imezimwa. Balbu za zamani za nyuzi hazikujali. Balbu za LED hujali: hubaki zikimulika kwa mbali kama kaa la sigara, au hupepesa. Isipokuwa boksi limesema wazi kwamba kinakubali LED ya wati chache kama yako, kiache dukani.

Soma pia uwezo wa mzigo. Boksi huweza kuandika wati 1200 kwa herufi kubwa na wati 300 chini yake. Namba ya kwanza ni ya balbu za nyuzi, ya pili ni ya LED na balbu za kubana matumizi. Ya kufuata ni ile ndogo, kwa sababu taa za LED huvuta umeme mwingi kwa kufumba na kufumbua wakati wa kuwaka, na mvuto huo ndio unaogandisha swichi ndogo iliyomo ndani ya kihisi.

Kuzima umeme na kuhakikisha umezimika

Umeme wa volti 230 unaua, na ngazi huongeza hatari kwa sababu hata mshtuko mdogo unaweza kukuangusha. Usizime swichi ya taa tu. Zima breka ya taa kwenye meni swichi. Kama breka hazina majina, zima meni yote, kisha waambie waliomo nyumbani wasiirudishe. Nyumba yenye inveta, betri za sola au jenereta ina chanzo cha pili ambacho hakizimwi na meni ya TANESCO au ya Kenya Power, kwa hiyo nacho kizimwe.

Kisha thibitisha. Testa ya bisibisi itumie kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme ili uone kwamba inawaka, ndipo uguse nyaya za taa, halafu uirudie soketi ile yenye umeme kuhakikisha kuwa testa haijafa katikati ya kazi. Multimita ni bora zaidi, kwa kuwa testa hizi huweza kuwaka hafifu kwa umeme wa kupita jirani, au kukataa kuwaka ukiwa umesimama kwenye ngazi ya mbao. Ukikuta nyaya zilizopauka, ambazo ganda lake linakatika ukizikunja, au maungio yaliyofungwa kwa mfuko wa nailoni, simama hapo na umwite fundi mwenye leseni, ambayo hutolewa na mamlaka za udhibiti wa nishati: Tanzania Bara EWURA na nchini Kenya EPRA.

Kuitafuta nutro

Kihisi cha nyaya tatu kinahitaji waya wa moto, yaani unaoleta umeme, wa kukilisha, nutro ya kukamilisha njia, na waya wa tatu ambao kinautumia kupeleka moto kwenye taa. Watu wengi hufungua swichi ya ukutani kwanza, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Ndani ya boksi la swichi kwa kawaida mna nyaya mbili tu: moto unaoingia, na waya wa swichi unaorudi kwenye taa. Katika nyumba nyingi nyaya hizo ni nyekundu na nyeusi, na fundi wa kujifunza mtaani huamini kwamba ile nyeusi ni nutro. Si nutro, ni moto unaotokea upande wa pili wa swichi. Ukikiunganisha kihisi hapo kitakuwa kimesimama njiani kati ya moto na taa, nacho kitafanya vituko visivyoelezeka.

Nutro iko kwenye taa. Holda yoyote inayowaka ina nyaya mbili, waya wa swichi na nutro, na hizo ndizo hasa kihisi kinazozitaka. Kwa hiyo, isipokuwa una sababu nzuri ya kufanya vinginevyo, chukulia holda ya taa kuwa ndipo pa kuanzia, na uiache swichi ya ukutani ikae ilipo.

Ili kujua waya upi ni upi, usitegemee rangi peke yake. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nutro. Mpya zina kahawia kwa moto na bluu kwa nutro. Ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini, ni kijani chenye mstari wa njano. Na zipo nyumba zilizofanyiwa marekebisho ambazo zina zote kwa pamoja. Umeme ukiwa umezimwa, fungua holda, tenganisha ncha za nyaya zisigusane wala kugusa kitu, shuka, rudisha umeme, kisha pima kwa multimita iliyowekwa kwenye volti za AC. Swichi ikiwa imewashwa, waya wa swichi na nutro zitasoma takriban volti 230. Nutro na ethi zitasoma karibu na sifuri. Sasa zima swichi ya ukutani. Ikiwa waya mmoja wa holda bado una volti 230 dhidi ya ethi, basi aliyefunga umeme aliiweka swichi kwenye njia ya nutro, na holda yako ina moto wakati wote. Hilo ni kosa la hatari linalostahili kusahihishwa kabla ya kuongeza chochote. Asiyezoea kupima nyaya zenye umeme amwachie fundi hatua hii.

Ziko njia mbili za mkato za kukataa hata zikipendekezwa na fundi. Ya kwanza ni kutumia ethi badala ya nutro: kihisi kitawaka, lakini umeme utapita mahali usipotakiwa, na nyumba yenye kinga ya kuvuja kwa umeme itakatika. Ya pili ni kuazima nutro ya soketi iliyo karibu, ambayo nayo huikata kinga hiyo na kumwacha fundi wa kesho aguse waya anaoamini kuwa umezimwa.

Pa kukiweka

Kihisi cha ukutani kikae kati ya mita 1.8 na 2.5 kutoka chini. Kikizidi hapo, hutazama juu ya vichwa vya watu. Kikishuka sana, kila mbwa na paka ataiwasha taa. Kiweke pembeni ya njia ili watu wakikatize, si mwisho wake wakijie: kwenye geti, ukuta wa ubavuni hufaa kuliko ukuta unaotazama geti. Kiepushe na kitu chochote chenye joto linalobadilika, kama vile kompresa ya kiyoyozi, jiko la mkaa la uani, na bati linalopoa jioni. Matawi yanayopeperuka nayo huiwasha taa, hasa yakiwa yamepigwa jua. Taa yenyewe isiwe mbele ya jicho la kihisi, kwa sababu itakidanganya kwa mwanga wake na kwa joto lake. Na kama ua wako unapakana na barabara, funika sehemu ya lenzi inayotazama nje kwa tepu nyeusi. Si kila mpita njia anapaswa kupokelewa kwa taa.

Kuunganisha

Umeme ukiwa umezimwa na kupimwa tena, funga kihisi mahali pake, kisha vuta waya wa milimita za mraba 1.5 wenye nyaya tatu kati yake na holda, au boksi la kuunganishia nyaya lililo karibu. Kwa taa ya nje, acha waya ushuke kidogo chini ya tundu la kuingilia kisha upande, ili maji ya mvua yadondoke badala ya kufuata waya hadi ndani.

Ondoa waya wa swichi kwenye holda na uuunganishe na kituo cha kihisi chenye herufi L. Nutro ya nyumba iungane na N ya kihisi pamoja na nutro ya holda, zote tatu kwenye konekta moja. Waya wa kutokea wa kihisi, ambao huandikwa L1 au L yenye alama ya mkato au huonyeshwa kwa mchoro wa balbu, uende peke yake kwenye holda, mahali palipotoka waya wa swichi. Ethi, kama ipo, iunganishwe na taa ya bati kama ilivyokuwa.

Hapa rangi huweza kukupoteza kwa mara ya pili. Katika vihisi vingi vya nyaya tatu, kahawia au nyeusi ni ya moto unaoingia, bluu ni nutro, na nyekundu ni ya kwenda kwenye taa. Nyumba ya zamani nayo ina nyekundu ya moto na nyeusi ya nutro. Mtu akiunganisha nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, ataipeleka nutro kwenye kituo cha moto. Fuata mchoro uliobandikwa kwenye kifaa, si rangi. Tumia konekta za skrubu, kaza, kisha vuta kila waya kwa mkono. Waya uliosokotwa na kuzungushiwa tepu hulegea kwa joto na kuanza kuchoma.

Kwa mpangilio huu, swichi ya ukutani ikiwa imewashwa kihisi ndicho kinachotawala taa, na ikizimwa kila kitu hulala. Kasoro yake ni mazoea: mtu hupita, akabonyeza swichi kwa kuzoea, na kihisi kikakosa umeme wiki nzima. Dawa ni swichi ya vitufe viwili, kimoja cha kukilisha kihisi na kingine cha kupeleka moto moja kwa moja kwenye holda kwa wakati unaotaka taa iwake bila kukoma, kama siku ya shughuli. Waya mmoja wa ziada utavutwa katika bomba hilo hilo la swichi. Vitufe vyote viwili lazima vitokane na moto wa njia (fezi) moja. Katika nyumba yenye umeme wa njia tatu, kuchanganya njia mbili tofauti kunakutanisha nyaya zenye volti 400 kati yao.

Korido ndefu au yenye kona huhitaji vihisi viwili. Viunganishe sambamba, L kwa L, N kwa N, na waya wa kutokea kwa mwenzake, navyo kimoja chochote kitawasha taa.

Kuseti

Rudisha umeme na usiwe na haraka. Kihisi huhitaji kati ya nusu dakika na dakika moja kuizoea hali ya mahali, na katika muda huo taa huweza kuwaka yenyewe, jambo litakalotokea pia kila umeme unaporudi baada ya kukatika.

Vitufe vya kuzungusha kwa kawaida ni vitatu: cha mwanga, cha muda na cha umbali wa kuona. Anza na cha mwanga, chenye alama za jua na mwezi: kiweke kwenye jua, ili kihisi kifanye kazi hata mchana unapojaribu. Cha muda kiweke chini kabisa, ambapo taa hukaa sekunde 10 hivi. Kisha tembea kila njia inayotumiwa, ukisubiri taa izime kabla ya kurudi, na uinamishe au ugeuze kichwa cha kihisi hadi kikukamate mahali unapotaka. Ndipo upandishe muda: dakika moja inatosha korido, dakika tatu au zaidi zinafaa choo na jikoni. Kiwango cha mwanga kisetiwe jioni yenyewe. Subiri giza lifike kiwango ambacho ungewasha taa kwa mkono, kisha zungusha taratibu kutoka mwezini kuelekea jua hadi taa iwake.

Kasoro za kawaida

Taa isiyozimika kabisa mara nyingi inaona kitu cha joto kinachosogea, au muda umewekwa juu na watu wanapita kabla haujaisha, kwa sababu kila msogeo huanza kuhesabu upya. Ifunike lenzi yote kwa kitambaa kizito kwa muda mrefu kuliko uliouseti. Ikizima, tatizo ni mahali, na ikiendelea kuwaka, swichi ya ndani imegandana na kifaa kibadilishwe.

Taa inayowaka na kuzima mfululizo inajiona yenyewe. Geuza kihisi au isogeze taa. Inayomulika hafifu ikiwa imezimwa kwenye kihisi cha nyaya tatu ni dalili ya kuangalia upya kama nutro na moto havikubadilishana nafasi. Isiyowaka kabisa mchana huenda ni nzima, ila kitufe cha mwanga kiko kwenye mwezi.

Vihisi vya nje hupata wageni wasioandikwa kwenye boksi. Mjusi anayetembea juu ya lenzi, ingawa ni mdogo, huonekana mkubwa kwa kuwa yuko karibu, na utando wa buibui unaopeperuka mbele yake hufanya vivyo hivyo. Sisimizi huingia kupitia tundu la waya na kukaa kwenye swichi ya ndani hadi ishindwe kugusana. Ziba tundu hilo kwa silikoni upande wa juu na ubavuni, uache upande wa chini wazi ili unyevu utoke, na uifute lenzi kwa kitambaa chenye maji tu, kwa maana mafuta ya taa na spiriti huitia plastiki hiyo ukungu.